Ushujaa wa Wafanyakazi katika "Kinjeketile"

Katika tamthilia ya *Kinjeketile* (1969), Ebrahim Hussein anatanguliza jasho mbele ya maji. Wamatumbi wanalazimishwa kulima pamba ya Mjerumani huku njaa ikiwakabili. Hasira imekwisha kuwapo kabla ya unabii. Kihistoria, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mnamo Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa vichanga. Mtunzi anamwacha hai ashuhudie maangamizi, kisha akatae kutamka kwamba maji yalikuwa uwongo. Maana angekana, watawala wangedai kuwa hata madai ya wanyonge yalikuwa uwongo. Badiliko hilo lina shabaha: kubainisha kwamba walioshindwa hawakukosea kudai. Kwa mchuma majani chai wa Kuresoi, somo hilo halihitaji maji ya Rufiji ili lieleweke.