Kwa nini Usukumani hakuna mbio za farasi?

Nimeadimika kidogo hapa kijiweni, kibarua kilibana. Wiki iliyopita nilikuwa Geita kikazi. Jioni moja jamaa kutoka Dar akanitania: "Nyie Wasukuma mna ng'ombe mpaka basi, farasi mbona hamna? Akili ya kufuga farasi iliwapita?" Wote wakacheka. Mimi nikaenda kusoma.

Kumbe jibu liko kwenye pumzi. Farasi hapumui kwa mdomo, ni pua tu. Njia ya hewa ikibana kidogo, mbio zimekwisha. Ormonde, farasi wa Uingereza, alitwaa mataji matatu makubwa mwaka 1886 na hakushindwa hata mara moja. Lakini alikuwa na ugonjwa wa koo: neva inayofungua koromeo inalegea, mara nyingi upande wa kushoto, na farasi anaunguruma kila akikimbia. Mwaka 1887 akastaafu.

Ormonde alipoteza mbio tu. Huku kwetu farasi walipoteza maisha. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi. Virusi vyake vikishika mapafu, yanajaa maji, povu linatoka puani, na farasi anakufa kwa kukosa hewa. Wakishikwa hivyo, zaidi ya 9 kati ya 10 hufa. Pundamilia wanabeba virusi hivyo bila kuugua, kwa hiyo ugonjwa hauishi. Ongeza na mbung'o.

Wazungu walijifunza kwa gharama. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali van Deventer aliingia Kondoa na askari wa Afrika Kusini waliopanda farasi. Mamia ya farasi walikuwa wamekufa kwa maradhi na uchovu. Mwaka huohuo Waingereza walitoka Mwanza wakapita Shinyanga kuelekea Tabora. Bila farasi, nani abebe risasi na chakula? Wapagazi, babu zetu. Katika vita ile makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Farasi alipokosa pumzi, mzigo ulihamia kichwani kwa Mwafrika. Hilo shuleni sikufundishwa.

Mnyama anayeuhimili ugonjwa huo ni punda. Mara nyingi hata haonekani kuumwa. Geita niliwaona wakipeleka madumu ya maji machimboni. Mnyama huyo ndiye tuliyemchinjia kiwanda hapa hapa Shinyanga, ngozi ziende China kutengenezewa dawa! Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipiga marufuku biashara hiyo bara zima.

Kwa hiyo jamaa yangu wa Dar, akili haikutupita. Ila punda wakiisha, najua mzigo utarudi kwenye vichwa vya nani. Mama zetu.

Mnasemaje wadau?