Mseto ya Morogoro na Ubingwa wa Mwaka 1975

Atokaye Dar es Salaam kwa gari la moshi kwenda bara, akikaribia Morogoro, huiona milima ya Uluguru mkono wake wa kushoto. Reli ilifika hapa mwaka 1907, na tangu siku hizo mali nyingi ya mji huu, katani kwanza, imeshuka pwani. Wachezaji hodari nao walishuka njia hiyo hiyo. Lakini mwaka mmoja sifa ya mpira ilipanda bara.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na kwa miaka kumi ubingwa haukupata kutoka Dar es Salaam. Sunderland, iliyokuja kuitwa Simba mwaka 1971, iliutwaa 1965 na 1966, Cosmopolitans, 1967, Yanga, miaka mitano mfululizo tangu 1968 hata 1972, Simba tena 1973, na Yanga 1974. Mwaka 1975 ukachukuliwa na Mseto ya Morogoro, timu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kuupata.

Yuko atakayesema kuwa ilikuwa bahati. Bahati huweza kumpa mtu ushindi wa siku moja. Ubingwa wa nchi hauji hivyo. Swali zito ni hili: mbona haukudumu? Tangu 1976 hata 1980 bingwa alikuwa Simba.

Nadhani jawabu haliko uwanjani. Siku zile mpira ulichezwa kwa ridhaa. Mchezaji hakula kwa mguu wake, alikula kwa kazi yake. Basi mji wenye kazi nyingi ndio uliovuta wachezaji. Ushahidi ulikuja baadaye katika mkoa uo huo: Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyosimama juu ya kiwanda cha sukari, ilikuwa bingwa mwaka 1999 na tena 2000. Penye ajira timu hupata mizizi.

Leo katika orodha ya mabingwa Mseto ni neno moja tu. Mfungaji huenda akakumbukwa kwa bao lake. Beki aliyeziba njia hukumbukwa na nani? Ewe mwanafunzi usomaye Morogoro, wazee walioiona timu ile hawatatungoja daima. Wafuate, uwaulize majina, uyaandike. Tusipofanya hivyo, historia ya mpira wetu itabaki historia ya mji mmoja.