Siku ya Sita: Wavutaji Waliosaidiana Kuacha Sigara

Chama cha Alcoholics Anonymous, maarufu kwa kifupi chake AA, huhesabu umri wake kuanzia tarehe 10 Juni 1935. Tarehe hiyo si ya kikao cha kwanza wala ya kusajiliwa. Ni siku ambayo daktari mmoja wa upasuaji katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, Robert Smith, alikunywa pombe kwa mara ya mwisho. Mwezi mmoja kabla yake Smith alikuwa amekutana na Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, ambaye naye alikuwa mlevi aliyeacha pombe miezi michache tu iliyopita. Walizungumza kwa saa kadhaa na Smith akaacha kunywa. Kisha akaenda kwenye mkutano wa madaktari huko Atlantic City, akalewa safarini, akarudi akiwa hoi. Wilson hakumwambia kwamba amemwangusha. Alikaa naye nyumbani hadi akapata nafuu. Kwa hiyo chama kile hakihesabu umri wake tangu siku Smith alipoacha pombe, bali tangu siku alipoacha tena.

Nimeanza na pombe ingawa insha hii inahusu sigara, kwa kuwa njia ya wavutaji kusaidiana kuacha iliazimwa kwa sehemu kubwa kutoka kwa walevi. Tena naona kwamba swali gumu katika historia hii si namna ya kuacha. Mbinu za kuacha ni nyingi na zimejulikana kwa muda mrefu. Swali gumu ni hili: aliyeacha akavuta tena, anarudi kwa nani?

Wazo lenyewe halikuanza na Wilson na Smith. Mwaka 1840 wanywaji sita wa Baltimore walikuwa wameunda chama cha Washingtonian, ambamo mlevi aliyeacha alisimama mbele ya walevi wenzake na kusimulia maisha yake. Chama kilikua kwa kasi ya ajabu, kikafifia ndani ya miaka michache. Msingi wake, hata hivyo, ulibaki: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mlevi humsikiliza mlevi.

Ajabu ni kwamba watu wa AA, walioielewa pombe kuliko yeyote, hawakuiona sigara hata kidogo. Kwa miongo mingi vikao vyao vilifanyika ndani ya wingu la moshi, kikombe cha kahawa mkono mmoja na sigara mkono wa pili. Wilson mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa. Alifariki tarehe 24 Januari 1971 kwa nimonia, mapafu yake yakiwa yameharibika kwa miaka mingi. Mtu aliyewaonyesha walevi mlango wa kutokea hakuuona wa kwake. Sisemi hivi kwa kumlaumu. Katika miaka ya 1930 madaktari wenyewe walivuta, na sigara haikuhesabiwa kuwa uraibu.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1950, pale Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza, na Ernst Wynder na Evarts Graham wa Marekani, walipochapisha matokeo yaliyoonyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu. Tarehe 11 Januari 1964 Luther Terry, Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, alitoa ripoti iliyothibitisha jambo hilo mbele ya umma. Lakini ripoti ile iliita uvutaji mazoea, haikuuita uraibu. Ilibidi kungoja hadi 1988 ndipo ripoti nyingine ya ofisi hiyohiyo, chini ya C. Everett Koop, iseme waziwazi kwamba nikotini hufanya mtu kuwa mtumwa wake kama zifanyavyo heroini na kokeini. Kwa miaka 24 hiyo mvutaji aliambiwa sigara itamuua, kisha akaachwa aamini kwamba akishindwa kuiacha ni kwa sababu ya udhaifu wake. Nadhani dhana hii ndiyo iliyowaumiza wavutaji wengi, kwa sababu mtu anayejiona dhaifu hujificha.

Kuna kundi moja lililokuwa limetangulia. Waadventista Wasabato walikuwa wamekataa tumbaku tangu karne ya kumi na tisa, kabla ya hospitali kuwa na ushahidi wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wawili kati yao, daktari J. Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg, walianzisha Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara, wakaufungua kwa watu wa dini zote. Watu walikusanyika jioni tano mfululizo. Daktari alieleza mwili, mchungaji alieleza nia. Waliohudhuria walifundishwa kunywa maji mengi, kuvuta pumzi ndefu hamu inapopanda, kuoga maji ya vuguvugu, kuacha kahawa na pombe kwa siku hizo, na kutoka nje kutembea baada ya chakula badala ya kukaa kwenye kiti kile walichozoea kuvutia. Walifundishwa pia kujiambia kwa sauti kwamba wamechagua kutovuta.

Sehemu inayonivutia zaidi ni nyingine. Kila mshiriki alipewa mwenzi miongoni mwa wavutaji wenzake, wakabadilishana namba za simu. Hamu ikizidi saa nne za usiku, unampigia mtu ambaye naye muda huohuo anaipigania pumzi yake. Mpango ulienea katika nchi nyingi, na katika miaka ya 1980 ukafanyiwa marekebisho na kupewa jina jipya. Muundo wake ni mzuri kwa siku tano, kwa kuwa siku za kwanza ndizo ambazo mwili husumbuka zaidi: nikotini inatoka, usingizi unakatika, hasira iko karibu. Vijana wa pwani huiita hali hiyo arosto, na neno hilo linaeleza zaidi kuliko kurasa nyingi za vitabu.

Lakini ilipofika siku ya sita ukumbi ulikuwa umefungwa.

Mwaka 1971 watafiti watatu, Hunt, Barnett na Branch, walichora katika mchoro mmoja mistari ya watu walioacha heroini, pombe na sigara, kuonyesha ni wangapi walibaki wameacha kadiri miezi ilivyopita. Mistari yote mitatu ilikaribia kufanana. Yote ilishuka kwa kasi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha ikalala. Mwalimu wetu mmoja wa historia hutuambia kwamba mchoro unaweza kuwa hati kama barua au mkataba, na huu naona ni hati kweli. Unaonyesha kwamba wengi waliorudia hawakurudia kwa sababu mwili ulikuwa bado unadai. Arosto ya sigara huisha kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne.

Basi walirudia kwa nini? Mwaka 1982 Saul Shiffman alichapisha uchunguzi juu ya watu 183 walioacha sigara na ambao walikuwa wamepiga simu kuomba msaada walipokaribia kurudia au walipokwisha kurudia. Katika visa vingi kilichotangulia kilikuwa moyo kuchafuka, hasa wasiwasi, hasira na huzuni. Kama theluthi moja walikuwa katika raha: wamekula, wamekunywa, wako na wavutaji. Wasiwasi ukawa jina la kwanza kwenye orodha. Jambo hili lina mtego ndani yake. Mvutaji husema sigara inamtuliza, na hasemi uongo, kwa sababu kila sigara huondoa arosto iliyoletwa na kukosa sigara iliyotangulia. Ni sawa na kumlipa mtu deni kwa pesa alizokukopesha yeye mwenyewe. Mwaka 2014 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 ulioonyesha kwamba walioacha sigara walipungukiwa na wasiwasi, sonona na msongo wa mawazo kuliko walioendelea kuvuta. Ila mtu aliye katika wiki ya pili hawezi kuamini hayo kwa kusoma. Anahitaji kuyasikia kwa mtu aliye katika mwezi wa sita.

Hapo ndipo wavutaji wa California walipoingia. Mapema miaka ya 1980 baadhi ya wanachama wa AA, waliokwisha kuacha pombe lakini bado wanavuta, walianza vikao vyao vya sigara wakitumia hatua zilezile kumi na mbili. Walijiita Smokers Anonymous, na mwaka 1990 jina likawa Nicotine Anonymous. Hawakuwa na daktari ukumbini wala siku tano. Kikao cha wiki hii kilifuatwa na cha wiki ijayo. Aliyerudia aliingia, akasema amerudia, akaketi. Mimi sikubaliani na kila kitu katika hatua zile, na lugha yake ya kidini inaweza kumfukuza mtu asiyeipenda. Hata hivyo, kiti kile kilikuwa jibu la swali ambalo Mpango wa Siku Tano uliliacha.

Mwaka 1985 wanasaikolojia Alan Marlatt na Judith Gordon waliandika kitabu kilichotenganisha mambo mawili: kuvuta sigara moja baada ya kuacha, na kurudi katika uvutaji wote. Walionyesha kwamba kinachomvusha mtu kutoka la kwanza hadi la pili mara nyingi ni fikra inayofuata sigara ile moja, yaani, "nimekwisha haribu, basi nivute tu." Mwanafunzi wa Kiswahili atatabasamu hapa. Wahenga walikwisha kusema kuteleza si kuanguka. Wataalamu walihitaji kitabu kizima ili kufika pale methali ilipokuwa imeketi inawangoja.

Isidhaniwe kwamba kumpa mvutaji mwenzi kunatosha. Majaribio kadhaa ya kuongeza msaada wa mwenzi wa kupangiwa, awe mke, rafiki au mvutaji mwenzake, hayakuonyesha faida ya wazi, ilhali vikundi vimeonekana kufanya vizuri kuliko mtu kujisomea kijitabu peke yake. Sishangai. Mwenzi wa kupangiwa huweza kuwa polisi. Ananusa shati, anahesabu vijiti vya kiberiti, na aliyeteleza anajifunza kula peremende kabla ya kuingia nyumbani.

Kwa upande mwingine, Nicholas Christakis na James Fowler walipofuatilia mtandao wa watu 12,067 kuanzia 1971 hadi 2003 waliona kwamba watu huacha kwa makundi. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta hupungua kwa asilimia 67, na rafiki akiacha, kwa asilimia 36. Wapo waliohoji hesabu zao, wakisema marafiki hufanana tangu mwanzo. Lakini waliona pia jambo ambalo halizungumzwi sana: wavutaji waliobaki walisogezwa pembeni, wakabaki wakijuana wenyewe kwa wenyewe. Jamii iliyoacha pamoja iliwaacha wengine pamoja.

Kwetu Uganda hali ndiyo hiyo, bila ile nusu ya kwanza. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na kuuza sigara moja moja. Kenya ilitangulia kwa sheria ya 2007. Sheria hizi ni nzuri, ingawa sigara moja moja bado zinauzwa kwenye vibanda mchana kweupe. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika tarehe 27 Februari 2005 una kifungu cha 14, kinachozitaka nchi zimsaidie anayetaka kuacha. Kifungu cha kukataza tumekiona kwenye mabango. Hicho cha kusaidia, katika mji wetu wa Tororo, sijakiona.

Nilichokiona ni mjomba wangu. Ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala, na ameacha sigara mara nne. Mara tatu za kwanza aliacha kimya kimya na akarudia kimya kimya, kila mara akiwa kwenye foleni ya mpakani Malaba, usiku, karatasi za mzigo hazijatoka na tajiri anapiga simu. Mara ya nne alipatana na dereva Mkenya wa Mariakani, aliyekuwa anaacha pia. Hawajui hatua kumi na mbili wala Akron. Wanapigiana simu, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha pekee wanayoshirikiana. Usiku mmoja mwenzake alimpigia kutoka Mlolongo akasema amevuta mbili. Mjomba alimjibu, "Pole, ndugu yangu. Umekula?" Wakazungumza habari za barabara hadi mwenzake akalala.

Niliposikia nilimuuliza kwa nini hakumkemea.

"Kukemea atakemewa na mkewe," alisema. "Mimi nataka kesho anipigie tena."

Sasa mjomba ana miezi 7. Mwenzake ana siku 11.