Wenye Elimu ya Maandiko na Sisi Wasomaji wa Katanga

Hapa Likasi Maandiko Matakatifu hayakosi wasemaji. Ukitembea siku ya Jumapili mchana toka Kikula mpaka Panda utawasikia wahubiri wa kila namna, kila mmoja na Biblia mkononi, kila mmoja na aya yake. Basi Wakristu wa parokia zetu hutuuliza sisi makatekista: Kwa nini Kanisa letu lina watu wanaotumia miaka kumi kujifunza Kiebrania na Kigiriki, ili wakisome kitabu ambacho jirani yangu anakieleza palepale barabarani? Wengine husema kwa ukali zaidi: Kulipima neno la Mungu kama watu wa maabara wapimavyo shaba, je, si kukosa imani?

Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kumwambia mtu anyamaze. Nami nataka kulijibu kwa habari zilizotokea, si kwa mabishano.

Tuanze karibu na nyumbani. Mfalme Msiri wa Bunkeya aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga risasi, na Bodson mwenyewe akapigwa akafa. Daktari Moloney, aliyekuwamo katika msafara ule, aliandika kitabu juu ya safari yao, kikapigwa chapa London mwaka 1893. Wazee wa Bayeke nao wana masimulizi yao, nao husema kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa kikachukuliwa. Mtu mwenye busara akitaka kujua habari za siku ile hatupi kitabu cha Mzungu, wala hayatupi maneno ya wazee. Anauliza: Huyu alisimama upande gani? Alikuwa akisema na nani? Ni jambo gani alilotaka lisisahauliwe, na ni lipi alilopenda lisitajwe? Mtu huyo hatumwiti adui wa Bunkeya. Twasema anaipenda kweli.

Wafafanuzi wa Maandiko hufanya kazi ya namna hiyo. Chukueni kifo cha Bwana wetu Yezu Kristu. Mateyo na Marko wanatupa kilio cha mwenye haki aliyeachwa, ambacho kimo katika Zaburi. Luka anatupa neno la Mwana anayejiweka mikononi mwa Baba yake. Yoane anatupa neno la yule aliyeimaliza kazi yake. Mwenye haraka atasema: wanapingana. Mwenye elimu anauliza kila Mwinjili aliwaandikia Wakristu gani, na alitaka waone nini pale msalabani. Mfano wangu wa Bunkeya usivutwe mbali, maana Moloney hakuvuviwa na Roho Mtakatifu, na Wainjili hawakuandika ili kujitetea. Lakini Mungu alipenda kusema kwa kinywa cha watu, basi sharti tuwasikilize watu hao kama watu.

Haikuwa rahisi kwa Kanisa kulitamka jambo hilo wazi. Mwaka 1890 Padre Marie-Joseph Lagrange, Mdominiko wa Ufaransa, alifungua shule ya Maandiko katika Yeruzalemu. Darasa lake la kwanza lilikuwa katika nyumba iliyokuwa machinjio ya mji. Alitaka wanafunzi wakanyage nchi ile, wasome mawe yake, wajue desturi za watu wa kale. Mwaka 1893 Baba Mtakatifu Leone XIII aliandika barua kuu juu ya masomo ya Maandiko, akawahimiza wataalamu. Lakini baadaye hofu iliingia, maana wako wengine Ulaya waliotumia elimu hiyo kuibomoa imani, na wenye kuogopa hawakuweza kumtofautisha mjenzi na mbomoaji. Mwaka 1912 Roma ilikataza vitabu kadhaa vya Lagrange visitumiwe seminarini. Yeye akatii, akaondoka Yeruzalemu, na mwaka 1913 akarudishwa shuleni kwake. Hakuondoka katika Kanisa, wala hakuacha kusoma. Alikufa tarehe 10 Machi 1938.

Miaka mitano baada ya kufa kwake, tarehe 30 Septemba 1943, sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo, Baba Mtakatifu Pio XII alitoa barua yake juu ya Maandiko. Dunia ilikuwa vitani, na shaba yetu ya Katanga ilikuwa ikienda huko. Katika barua hiyo Papa aliwaambia wafafanuzi warudi kwenye lugha za asili, tena wachunguze namna za kuandika za watu wa kale. Neno hili la “namna za kuandika” ndilo lililofungua mlango. Hapa kwetu hatulisikilizi kasala la Waluba, linalomsifu mtu na jamaa yake, kama tunavyolisoma tangazo la kazi lililobandikwa mlangoni pa kiwanda. Vyote viwili vyaweza kusema kweli, lakini kila kimoja kwa njia yake. Vivyo hivyo sura za kwanza za kitabu cha Mwanzo hazikuandikwa ziwe somo la mawe na nyota.

Hata hivyo mabishano hayakwisha siku ile. Katika Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwezi wa Novemba 1962, andiko la kwanza juu ya Ufunuo lilipata upinzani mwingi hata Papa Yohane XXIII akaamuru litengenezwe upya. Mwaka 1964 Tume ya Kipapa ya Biblia ilieleza kwamba Injili zilipita hatua tatu: kwanza maneno na matendo ya Yezu mwenyewe, kisha mahubiri ya Mitume, mwisho kazi ya Wainjili walioandika. Na tarehe 18 Novemba 1965 maaskofu walipiga kura juu ya andiko lililotengenezwa: 2344 walikubali, 6 walikataa. Humo iliagizwa kwamba Wakristu wote wafunguliwe mlango mpana wa Maandiko. Jambo hili lilitugusa kabisa. Wengi katika babu zetu walijua habari za Mungu kwa katekisimu na vitabu vidogo vya Historia Takatifu. Maandiko yenyewe waliyasikia yakisomwa altareni, nayo kwa Kilatini.

Sasa nije kwenye neno moja tu, maana neno moja laweza kutuonyesha faida ya kazi hii yote.

Wayahudi huviita vitabu vitano vya Musa kwa neno la Kiebrania, Tora. Maana yake ya asili ni mafundisho, kuonyeshwa njia, kama baba anavyomwelekeza mtoto wake. Katika karne ya tatu kabla ya Kristu, Wayahudi wa Aleksandria katika Misri walivigeuza vitabu hivyo katika Kigiriki. (Tukumbuke basi kwamba tafsiri hiyo kubwa ya kwanza ya Maandiko ilifanyika katika bara letu.) Mahali pa Tora wakaweka neno nomos, yaani sheria. Kutoka Kigiriki likaenda Kilatini, na kutoka huko likafika katika lugha nyingi.

Katika Kiswahili lilifika kwa njia nyingine. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo akaanza kukigeuza kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa kadhi, mwamuzi Mwislamu wa mji ule. Baadaye Askofu Edward Steere alifanya kazi kama hiyo Unguja, akatoa Agano Jipya mwaka 1879. Hao walikuwa Waprotestanti, na ni haki kuwashukuru. Walipokea maneno waliyoyakuta pwani: Torati, Zaburi, Injili, malaika, sala, na hilo neno sheria. Kila neno lilikuja na harufu ya nyumba lilikotoka.

Halafu neno sheria likapanda bara mpaka Katanga, na hapa likapata harufu mpya. Wazee wetu walilisikia wapi? Walilisikia kwa Bula Matari: sheria ya kodi, sheria ya fimbo, sheria ya kutotoka kambini. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, hapa mjini petu palipoitwa Jadotville na kule Elisabethville, wakiomba mshahara. Askari wakawapiga risasi, watu wakafa. Haya, mchukueni mjane wa siku ile, mkamsomee Zaburi ya kwanza, inayomsifu mtu aifurahiaye sheria mchana na usiku. Ataelewa nini? Atafikiri kwamba Mungu naye ni Bula Matari. Lakini mwenye kujua Tora ni nini atamwambia: Mama, hapo panasemwa juu ya Baba anayewaonyesha wanawe njia. Kwa mama huyo, Kiebrania si pambo la wasomi.

Nimelichagua neno hili kwa sababu nyingine pia. Padre wa kwanza wa Kongo wa nyakati hizi, Stefano Kaoze, alipewa upadre tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, ambako leo ni Kirungu-Moba, katika Katanga ya zamani. Miaka 53 baadaye, mwaka 1970, padre mwingine wa Kongo, Laurent Monsengwo Pasinya, akawa Mwafrika wa kwanza kupata udaktari katika Taasisi ya Kipapa ya Biblia. Na alichunguza nini? Alichunguza neno nomos katika vitabu vitano vya Musa kwa Kigiriki. Kitabu chake kilipigwa chapa Roma mwaka 1973. Yawezekana wengi walijiuliza kazi hiyo ingelifaa taifa kwa jambo gani.

Mwisho wa mwaka 1991 mtu huyohuyo, akiwa Askofu Mkuu wa Kisangani, aliwekwa kuongoza Mkutano Mkuu wa Taifa, uliokutana Kinshasa kutafuta sheria mpya kwa nchi iliyochoka. Serikali ilipoufunga mkutano, Wakristu wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari 1992 wakishika Biblia na rozari. Askari walipiga risasi, wengi wakauawa. Mwaka 2008 Monsengwo alikuwa katibu maalumu wa Sinodi ya Maaskofu juu ya Neno la Mungu. Mwaka 2010 akafanywa Kardinali. Alifariki tarehe 11 Julai 2021. Sidai kwamba Kigiriki ndicho kilichompa ushujaa. Lakini mtu aliyekaa miaka na swali la sheria ya Mungu ni nini, si rahisi kudanganywa na kila kitu ambacho wakubwa hukiita sheria.

Wengine watanikumbusha habari ya Jamaa. Ni kweli, Katanga ilikuwa na njia yake. Padre Placide Tempels, Mfransisko, ambaye kitabu chake juu ya filosofia ya Bantu kilitoka Elisabethville mwaka 1945, alianza mwaka 1953 kukaa na wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi, na waume na wake zao wakatafuta pamoja katika Injili mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Hawakuhitaji kujua Kigiriki. Jamaa ikafika mpaka Likasi, na nyumba nyingi zilipona kwayo. Mimi nawaheshimu wazee wale. Lakini Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, na wako waliochukua mafundisho wakayapeleka walikotaka, hata maaskofu wakalazimika kuingilia. Nionavyo mimi, moyo ulikuwapo, ila kwa hao andiko lenyewe lilikosa mtu wa kulitetea.

Nimalizie na ukurasa ambao wengi huuruka, orodha ya mababu wa Yezu katika Mateyo. Mwinjili asema vizazi ni 14, na 14, na 14. Ukilinganisha na vitabu vya Wafalme utaona kwamba kati ya Yoramu na Uzia ameacha wafalme watatu. Je, alikosea? Watu wa Katanga hawatashangaa, maana wasimulizi wa ukoo wa machifu wetu nao huruka majina ili ukoo useme neno linalotakiwa. Kwa Kiebrania herufi ni hesabu pia, na herufi za jina Daudi zikijumlishwa ni 14. Mateyo anatuambia kwa hesabu: huyu ni Mwana wa Daudi.

Na ndani ya orodha hiyo yumo Ruta, mwanamke wa Moabu. Kumbukumbu la Torati linakataza Mmoabu asiingie katika kusanyiko la Bwana, hata kizazi cha kumi. Kitabu cha Ruta kinaeleza kwamba mwanamke wa Moabu ndiye aliyemzaa babu yake Daudi. Mhubiri wa aya moja atachukua lile la kwanza na kufunga kitabu. Mfafanuzi anayaweka yote mawili mezani, kisha anaonyesha kwamba Mateyo, alipopaswa kuchagua majina, hakulifuta jina la mgeni.

Likasi inalihitaji somo hili kuliko miji mingi. Mwaka 1992 watu wa asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa hapahapa, walifukuzwa katika nyumba zao, na maelfu walilala siku nyingi kwenye kituo cha gari la moshi wakingoja mabehewa. Kati ya waliofukuzwa na waliofukuza, wako waliokuwa wakikaa benchi moja kanisani. Orodha ya Mateyo husomwa katika Misa ya tarehe 17 Desemba, na jina la Ruta hutajwa hapo, baada ya Boazi na Obedi.