Kengele ya Iten: Vitabu na Mbio katika Skuli ya Ukingoni

Mnamo mwaka 1883, Mskoti Joseph Thomson alipotoka Mombasa kuelekea Baringo na Ziwa Viktoria, wengi katika waliomchukulia mizigo walikuwa watu walioandikwa Unguja. Msafara ule ulipanda ukingo wa Elgeyo, ukuta wa mawe unaoporomoka hadi Bonde la Kerio, na husimuliwa kwamba jina la mji wa Iten limetokana na maneno "Hill Ten", jina ambalo Thomson alikipa kilima kimoja cha hapo. Yawezekana kisa hiki ni cha kweli, yawezekana ni cha kutungwa baadaye. Nakitaja kwa sababu sisi wa visiwani tumezoea kuidhania Iten kuwa ni nchi ya baridi isiyotuhusu, ilhali nyayo za watu wetu zilipita huko kabla ya skuli na kabla ya kiwanja.

Skuli yenyewe, Sekondari ya St. Patrick's, ilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Ireland mwaka 1961, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 2,400. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na skuli za sekondari 151 tu na wanafunzi wapatao 30,000 nchi nzima. Kwa mtoto wa mfugaji, kupata nafasi katika dakhalia ya wavulana kama hiyo lilikuwa jambo la ukoo mzima. Ng'ombe waliuzwa kwa ajili yake. Baadaye skuli iliingia katika mfumo wa serikali, Kanisa likibaki mfadhili. Basi tusisahau kwamba wazazi walimpeleka kijana Iten akasome. Hakuna aliyeuza ng'ombe ili mwanawe akakimbie.

Mwaka 1976 aliwasili Bruda Colm O'Connell, mwalimu wa jiografia, ambaye hakuwa na ujuzi wowote wa kufundisha riadha. Kazi hiyo aliikuta mikononi mwa Mwingereza Peter Foster, ndugu wa mkimbiaji mashuhuri Brendan Foster, akawa msaidizi wake kisha akaachiwa yeye. Wakati wenyewe haukuwa mzuri. Kenya iligomea Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo, ikagomea tena ya Moscow mwaka 1980. Vijana wa Iten wa miaka hiyo walikimbia pasipo kuwaona watu wao wakipanda jukwaani Olimpiki; walichokuwa nacho mbele yao ni mashindano ya skuli, kutoka wilaya hadi mkoa, kutoka mkoa hadi taifa.

Wengi wameandika kuhusu mapafu ya watu wa nyanda za juu, kuhusu maziwa na ugali, na kuhusu watoto wanaokwenda skuli mbio. Hayo yana nafasi yake. Lakini watu wa nyanda za juu walikuwapo karne nyingi, na maziwa pia. Kwa maoni yangu, kilichozidi ni kengele. Katika dakhalia, kengele huamsha, huingiza darasani, hulisha, hutoa uwanjani, hurudisha kwenye vitabu vya usiku, kisha huzima taa. Mkimbiaji anayelala kwa saa maalumu, anayekula sahani ileile na wenzake, na anayepewa muda mfupi tu wa mazoezi kwa kuwa hesabu na kemia zinamngoja, hukua taratibu bila ya kuvunjika. Naye Bruda, kwa kuwa hakuwa na kanuni za kukariri, aliwatazama: namna mguu unavyotua, bega linavyokaza, pumzi inavyokwenda. Aliwauliza wanavyojisikia. Ndivyo afanyavyo mwalimu mzuri wa somo lolote.

Na mbio zenyewe zilimrudisha kijana kwenye kitabu. Ibrahim Hussein, aliyepita katika madarasa hayo, alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, kisha mwaka 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York. Ile ya Boston aliishinda mwaka 1988, 1991 na 1992. Pacha Kip na Charles Cheruiyot walikwenda Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na walipata masomo katika chuo cha Mount St. Mary's, Maryland. Chuoni hapo hapo alisoma Peter Rono, ambaye mwaka 1988 huko Seoul, akiwa na umri wa miaka 21, alitwaa dhahabu ya mita 1,500, ya kwanza kwa Kenya katika mbio hizo tangu Kip Keino mwaka 1968. Mwaka 1992 Matthew Birir, naye wa skuli hiyo, akashinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji huko Barcelona.

Wasichana walichelewa kufikiwa. Wengi walikimbia vizuri katika skuli za msingi kisha wakapotea, wakiitwa nyumbani kwa kazi au kwa ndoa. Mwaka 1989 Bruda alianzisha kambi za vijana wakati wa likizo na kuwakaribisha wasichana, tena wakati wa likizo ili darasa lisiguswe. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Lydia Cheromei, aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio za nyika mwaka 1991, akiwa na miaka 13 tu.

Kisha fedha ziliingia. Zawadi za barabarani Ulaya na Marekani ziliongezeka, mawakala wakafika, na kambi binafsi zikaota Iten kama uyoga. Kwa mara ya kwanza kijana wa kidato cha pili aliweza kujiuliza kama ile kengele ina faida gani kwake. Hata David Rudisha, aliyefundishwa na Bruda na kuweka rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1:40.91, huko London mwaka 2012, hakuwa mwanafunzi wa St. Patrick's, kufikia wakati huo mwalimu alikuwa akifuatwa na watu kutoka nje ya ua. Waliokatiza masomo wakakosa na ushindi hakuna aliyewaandika. Ndani ya ua wa skuli, mabingwa walipandiwa miti, kila mti na jina lake.