Siri ya Marsha Linehan

Hebu leo niwaletee habari za mama mmoja wa Kimarekani, Marsha Linehan. Ndiye aliyebuni DBT, ile tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu stadi za kukabiliana na hisia kali: hasira, woga, au huzuni inayomfanya atake kujiumiza.

Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, Linehan alilazwa hospitali ya akili mjini Hartford, Connecticut. Alikaa humo zaidi ya miaka miwili. Akapigwa shoti za umeme, akapewa madawa mazito, akafungiwa chumbani peke yake. Wapi! Humo humo akaweka nadhiri: akitoka kwenye jehanamu ile, atarudi kuwatoa wengine.

Akasoma saikolojia hadi udaktari mwaka 1971, baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Alianza na tiba iliyokuwepo, ile ya kumwambia mgonjwa abadili tabia. Wagonjwa wakaja juu, waliona wanaambiwa wao ndio tatizo. Akageuza, akawa anawasikiliza na kuwapokea walivyo. Napo wakalalamika: sisi tunateketea, wewe unatuonea huruma tu? Basi akashika yote mawili kwa mpigo: ulivyo leo kuna sababu yake, na bado inabidi ubadilike. Stadi ya kutazama unachohisi bila kukihukumu aliichota kwa Wabudha wa Zen, alikokwenda kukaa katika monasteri yao California. Mwanasayansi huyo, jamani!

Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 1991. Wanawake waliopata tiba hiyo kwa mwaka mmoja walijiumiza mara chache kuliko wenzao, walilazwa siku chache, na wachache ndio walioikimbia tiba. Mwongozo ukatoka 1993.

Miaka yote hiyo yeye mwenyewe kimya. Mgonjwa mmoja aliyaona makovu yake, akamuuliza kama naye ni mmoja wao. Profesa mwenye jina dunia nzima, na bado aliogopa kusema! Simlaumu, maana nawajua wahariri ambao wangemwita kichaa kwenye kichwa cha habari.

Juni 2011, akiwa na miaka 68, alirudi hospitali ile ile ya Hartford. Akasimama mbele ya madaktari, ndugu na marafiki, akasema kwamba aliwahi kulazwa pale.