Kibaba, Debe, Gorogoro

Zamani Pwani, pembe na karafuu zilipimwa kwa uzito: frasila, kama kilo 16. Chakula cha nyumbani kilipimwa kwa chombo: kibaba, na vibaba vinne ni pishi. Baadaye mkebe wa mafuta ya taa wa galoni 4 ukawa debe. Kisha ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2 ukawa gorogoro.

Lakini hiyo kilo 2 ilikuwa ya mafuta. Jaza mahindi, halafu jaza unga: mkebe ni uleule, ila unga ni mwepesi. Na muuzaji akigonga kitako kikaingia ndani, anayelipia hewa ni yule asiye na pesa ya gunia. Haba na haba hujaza kibaba, sawa. Kiangalie kitako kwanza.